Kiraka cha Katani

Faith, mtoto wa mdogo wangu Loyce, anasomea uhandisi Dar es Salaam, na kila akija likizo hapa Singida hunikuta na kazi, yeye ananiletea maneno. Safari hii alikuja na habari za mabamba ya nyuzi. Alikaa jikoni kwangu, akanipokea ungo wa mchele niliokuwa nachagua, akaanza kunieleza huku mikono ikienda kwa uvivu ule wa watu waliozoea kula mchele wa kantini. Alisema huko nje wataalamu wametengeneza kitu mfano wa plastiki ngumu, kimetiwa nyuzi ndani ili kisikatike ovyo, na katikati ya nyuzi wameficha vitone vidogo vya gundi. Bamba likipata ufa, vitone vinapasuka, gundi inaingia kwenye ufa, na baada ya muda bamba linakuwa limejiponya. Wanafikiria kulitumia kwenye ndege.

"Hebu fikiria, mama mkubwa," alisema. "Kitu kimevunjika, hakuna aliyekigusa, na nguvu inarudi."

"Inarudi yote?"

"Hapo ndipo wanapobishana. Wakilipima, mara wanakuta imerudi karibu yote, mara kidogo tu."

Nikamwambia mimi nimelala chini ya kitu cha namna hiyo tangu nazaliwa hadi naolewa. Akacheka. Nikamwambia asicheke, achague mchele, maana wiki iliyopita nilitafuna jiwe kwa sababu yake.

Sikusema ni kitu kimoja. Sina wazimu wa kusema ndege iezekwe kwa udongo. Lakini Faith alikua chini ya bati, na bati halina habari ya kujiponya, likitoboka limetoboka. Sisi kule Issuna tulilala kwenye tembe. Ukuta wa miti na udongo, na juu, badala ya paa la kuchongoka, boriti zimelazwa, juu yake fito, juu ya fito nyasi, na juu ya nyasi udongo mweusi wa mbuga uliokandwa na samadi na nyasi zilizokatwakatwa. Nyasi ndizo zilizoushika ule udongo usiachane. Kiangazi tulianika uwele na maboga juu ya paa, kuku wakatembea juu kama kwao, na jua likaupiga ule udongo mpaka ukapasuka nyufa za kuingiza kidole. Ukilala chali mchana uliona vijistari vya mwanga.

Mvua ya kwanza ilipokuja, paa lilivuja. Lilivuja kila mahali, na hakuna aliyejali. Mama alisema, "Linakunywa." Tulitandaza mabeseni, sufuria na vibuyu, tukakaa katikati yao tukisikiliza kila chombo kikilia kwa sauti yake. Udongo wa mbuga ukinywa unavimba. Zile nyufa zilijifunga moja baada ya nyingine, matone yakapungua, na mwisho palikuwa kimya ndani huku nje mvua inanyesha. Ule ukimya mpaka leo nautamani. Sasa hivi mvua ikinyesha juu ya nyumba yangu ya bati siwezi hata kusikia redio.

Amri ilikuwa moja tu: mvua ya kwanza, mtu yeyote asipande juu. Paa linalokunywa ni laini. Linaachwa.

Baba yangu, Andrea, hakuijua amri hiyo, na hapo ndipo habari yangu inapoanza.

Baba alizaliwa kwenye kota za reli Itigi, baba yake naye akiwa mtu wa reli, na mwenyewe alipokua aliingia genge la kutengeneza njia, makao Manyoni. Issuna palikuwa kwa ukoo wao, ndipo alipompeleka mama baada ya ndoa, na mama akaijenga nyumba akisaidiwa na shangazi Rahabu, dada yake baba. Kwetu wanaume hukata miti na kusimamisha nguzo, udongo ni wa wanawake. Baba alileta miti, akarudi kazini. Alikuja Krismasi, alikuja na wakati wa mavuno. Mvua za kwanza hakuwahi kuziona nyumbani hata mara moja, kwa sababu mvua za kwanza ndizo huchimba tuta la reli, na wakati huo hakuna mtu wa genge anayepewa likizo. Alikuwa huko akiokoa njia, sisi huku tukitandaza mabeseni.

Kisha reli ikaanza kupunguza watu. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka yalijaa ghafla. Zamani bati lilikuwa la kibali, ukilipata unaalika watu. Sasa mabati yalipangwa nje ya maduka Singida mjini kama mikate, ukitaka unachagua. Kila kitu kikawa kinapatikana isipokuwa kazi. Mwaka tisini na sita baba alirudi na sanduku lake la bati, buti zake za kazi, na marobota mawili ya kamba kuukuu za katani alizopewa na wenzake kama zawadi ya kuagwa. Nyuma yake likaja lori na mabati. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kimelala kwenye lile lori, kinang'aa.

"Mama Editha," alisema hata kabla hajakaa, "mavuno yakipita tunalishusha hili dongo."

Editha ndiyo mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilimwona mama akitazama yale mabati, halafu akatazama paa lake, halafu akaingia ndani kupika.

Waligombana kwa adabu, jambo ambalo ni baya kuliko kugombana kwa kelele. Baba alisema watu wanaendelea, sisi bado tunaishi kama panya. Mama alisema hao panya ndio waliomlelea watoto wake. Baba alisema paa ni lake, ndiye kichwa cha nyumba. Mama alisema kichwa kilikuwa Manyoni. Hayo waliyasema kwa sauti ya kawaida, mbele ya ugali, wakipitishiana mlenda. Mavuno yalipita, baba akasogeza siku mara mbili kwa kukosa fundi. Jioni moja mama aliweka kijiko chini akasema, "Baba Editha, siku utakayolishusha paa hilo, mimi nakwenda kwa kaka yangu kule Mtinko. Nakuambia mapema usije ukasema sikukuambia."

Niliogopa. Mama yangu hakuwa mtu wa vitisho. Alipokuambia atakuchapa, ulikuwa umeshachapwa. Loyce alikuwa mdogo, hakuelewa, akauliza kama Mtinko kuna miwa. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia nimeegemea ukuta. Nilimchukia baba, nikayachukia na buti zake.

Mvua ikafika kabla ya fundi. Ilikuwa mchana, mwishoni mwa Novemba, nasi tulikuwa tumetoka kula. Mama alinusa hewa, akaanza kutandaza mabeseni kwa utaratibu wake wa kila mwaka. Baba alisimama katikati ya nyumba akitazama juu. Tone la kwanza lilimpiga kwenye paji la uso.

"Unaona?" alisema. Alisema kwa furaha kabisa. "Unaona sasa?"

"Ngoja linywe," alisema mama.

"Linywe nini? Nyumba inamwagika!"

"Ngoja, baba Editha."

"Kwenye reli hatungoji. Njia unaikagua kabla ya mvua, na ikiharibika unakwenda saa hiyo hiyo. Ukingoja, treni inalala ubavu." Akavaa buti, akachukua jembe.

Mama alimkimbilia mpaka mlangoni. Alimwambia asipande, akamwambia kwa Kiswahili, akarudia kwa Kinyaturu, na alipoona hasikii akarudi ndani akasimama chini ya boriti, mikono kiunoni. Tulimsikia baba akitembea juu. Vumbi na matope vilianguka. Alitembea kutoka kwenye mlango, akapita juu ya mtungi wa maji, akafika juu ya kitanda chao, na hapo paa likasema *fyaa*. Mguu mmoja ukashuka ndani hadi pajani, buti na yote, ukaning'inia juu ya mto wake mwenyewe, ukirusha mateke.

Mama aliutazama ule mguu. Akausogelea, akaushika kisigino ili utulie, akasema, "Karibu nyumbani, baba Editha."

Kisha akacheka. Tangu baba arudi sikuwa nimemsikia mama akicheka, nami nilikuwa nimesahau kwamba hucheka mpaka anakaa chini. Alikaa kwenye kitanda kilicholowa, kashika kile kisigino, machozi yanamtoka. Juu kule baba alikuwa anauliza kwa hasira nani anamshika. Halafu, polepole, naye tukamsikia akicheka.

Alichubuka paja vibaya, akachechemea karibu mwezi. Kijiji kizima kilikuja kumpa pole na kuangalia tundu. Paa lingine lote lilikuwa limeshajifunga, kimya, kavu, isipokuwa pale alipopitisha mguu. Watu walilitazama lile tundu, wakamtazama baba, wakaomba maji ya kunywa ili wapate pa kuficha vinywa vyao.

Ndipo mama akasema lile neno. Alilisema mbele ya shangazi Rahabu ili lipate shahidi.

"Umetoboa wewe, utaziba wewe. Udongo utaukanda mwenyewe. Mvua itakayofuata, kiraka chako kikifunga, hayo mabati utayatafutia kazi nyingine. Kikivuja, nitapanda mwenyewe kulishusha paa, uezeke unavyotaka, na Mtinko siendi."

Shangazi alimvuta mama pembeni. Nilikuwa napepeta uwele karibu, nikasikia.

"Wifi, una akili kweli? Mtu anayetaka paa liende ndiye unampa aliponye? Si ataliziba kwa mate?"

"Ndiyo maana nampa," alisema mama. "Nimezaa naye, nimezika naye mtoto, lakini nimekaa naye Krismasi na mavuno tu. Nataka kumjua."

Sasa elewa jambo hilo lilivyokuwa. Baba hakuhitaji kufanya hila yoyote. Ilitosha azembee kidogo. Udongo ukiwa na mchanga mwingi haufungi, samadi ikiwa mbichi mno inaoza, nyasi zikiwa ndefu udongo haushiki. Hakuna ambaye angemlaumu, mwanaume anajua nini habari za udongo? Mabati yangepanda, mama angebaki, na yeye angekuwa ameshinda pande zote. Mimi nilikuwa na hakika ataliziba vibaya. Nilikaa nikimvizia kama polisi.

Nikamwona akienda mbugani na toroli kuchimba udongo, akichechemea. Nikamwona akichukua donge, akalisugua kwenye meno kuonja kama lina mchanga, akatema, akasogea akachimba pengine. Nikamwona akiukanyaga ule udongo uani, suruali imekunjwa magotini, wanawake wakipita njiani wanamwita "bibi harusi", naye anawaitikia "abee". Jioni alimuuliza mama kama samadi inatosha. Mama alisema, "Si kiraka changu." Akamwendea shangazi, shangazi naye akasema si chake. Akarudi akaendelea kukanyaga.

Nyasi hakuziamini. Alisema nyasi zinakatika. Alifungua robota moja la kamba zake za katani, akaketi mlangoni akizifumua uzi mmoja mmoja, akazikata vipande vya urefu wa kidole, akazichanganya kwenye udongo. Mama alipita, akashindwa kujizuia.

"Unasuka paa nywele?"

"Kamba hii imevuta mabehewa," alisema baba bila kuinua kichwa. "Haitashindwa na dongo lako."

Akakandika tundu tabaka kwa tabaka, la chini likauke ndipo aweke la juu. Kwa ndani kiraka kilionekana wazi juu ya kitanda, kipana kama sinia, nyuzi nyeupe zimechomoza huku na huku. Kilikuwa kibaya, lakini mkono uliokitengeneza ulikuwa umetulia.

Mvua iliyofuata ilichelewa. Majirani walianza kuuliza habari za kiraka kabla ya kuuliza habari za shamba. Ilipokuja ilikuja Jumapili baada ya ibada, na shangazi Rahabu alikimbia kutoka kwake na khanga kichwani ili asipitwe. Tukatandaza mabeseni. Paa lote lilikuwa limeshakunywa mvua ile ya kwanza, likavuja kidogo tu likanyamaza. Kiraka peke yake ndicho kilichobaki kinadondosha, pale ukingoni ambapo udongo wake ulikutana na udongo wa mama.

Baba alikaa kitandani, upande wake, chini kabisa ya lile tone. Hakuweka beseni. Aliweka kiganja. Tone likaanguka, akalitazama, likaanguka jingine. Mama alisimama mlangoni akitazama mvua, ametupa mgongo, lakini nilimwona anavyosikiliza. Mimi nilikuwa nimemkumbatia Loyce mpaka akalalamika. Na ndipo nilipogundua kwamba simchukii tena baba yangu, maana uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba kile kiraka kifunge. Matone yaliachana. Yakaachana zaidi. Baba alibaki na kiganja chake hewani muda mrefu, hakikupata kitu.

"Limekunywa," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama aligeuka, akapita karibu naye, akamfuta bega lililolowa kwa ncha ya khanga kama mtu afutaye meza. Kisha akaenda kuinjika maji ya ugali.

Mabati tuliwaezekea mbuzi. Kwa miaka mingi pale Issuna mbuzi wetu ndio waliokuwa wameendelea, sisi tukabaki panya. Mwaka uliofuata Elnino ilikuja, mvua ambayo watu wanaihesabia umri mpaka leo. Kuta zilianguka, mabati ya watu yaliruka na upepo, na paa letu likasimama. Kila mwaka, mvua ya kwanza, paa zima lilivuja na kujifunga, na kiraka cha baba hakikudondosha hata tone. Baba alijigamba sana. Alikionyesha kwa wageni. "Kinajiponya chenyewe," aliwaambia, "kile ni katani ya reli." Mama alikuwa anasonya, lakini mto wake aliusogeza karibu na wa baba, chini ya kile kiraka. Mimi ndiye niliyetandika kitanda kile, najua.

Nikaolewa mjini. Loyce naye akaolewa. Baba akafariki mwaka elfu mbili na nne, mwezi wa tisa, kwa presha, akiwa ameketi kwenye kivuli cha banda la mbuzi. Tulimzika hapo hapo nyumbani.

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda kukaa na mama. Mvua ya kwanza ikatukuta wawili tu. Tulitandaza vyombo, tukakaa. Paa likanywa, likajifunga, vyombo vikanyamaza. Kiraka kikabaki kinavuja, upande wa baba.

"Ngoja linywe," alisema mama.

Tukangoja. Mvua ile ilinyesha hadi jua linakaribia kuzama, na kiraka hakikufunga. Kilimwaga kwenye mto wa baba mpaka nikauondoa. Mama alikitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeitwa jina na mgeni. Kesho yake jua lilipokausha, nilipanda ngazi. Nilikwenda kwa magoti, taratibu, hadi juu ya kitanda.

Ukingo wa kiraka ulikuwa umepasuka wote kuzunguka. Na pale palipopasuka niliona tabaka za udongo, moja juu ya nyingine, nyembamba, kila moja na nyuzi zake za katani: nyingine nyuzi zimeoza, nyingine zimegeuka kijivu, za juu kabisa bado nyeupe. Pembeni, chini ya ukingo wa paa ambako mtu aliyeko chini hawezi kuona, palikuwa na kopo la maziwa lenye kifuniko. Ndani mlikuwa na donge la udongo mkavu, kibao cha kulainishia, na fundo la katani iliyofumuliwa tayari.

Nilishuka nalo. Mama alilifungua, akakitoa kile kibao, akakigeuzageuza.

"Alikuwa anapanda," alisema.

"Lini, mama?"

Alifikiri. "Jumapili," akasema. "Kila mwaka kabla ya mvua, kulikuwa na Jumapili moja alisema mguu unamuuma, hawezi kwenda ibada." Akakaa chini, pale pale mlangoni. "Kabla ya mvua. Kama njia ya reli."

Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kukaa chini, akicheka na kurudia, "Kinajiponya chenyewe! Kinajiponya chenyewe!" kwa sauti ya baba ya kujigamba mbele ya wageni. Halafu kicheko kikageuka, nami nikamshika. Msibani hakuwa amelia hivyo. Alilia kwa sauti mpaka shangazi Rahabu akatoka kwake akija mbio.

Haya ndiyo niliyomweleza Faith, na mchele ukawa umekwisha kuchaguliwa. Alinirudishia ungo. Kisha akasema hata kwa wataalamu wake wa mabamba ndivyo ilivyo, pale kipya kinapokutana na cha zamani ndipo panapoachia kwanza, na hawajapata dawa. Akaniuliza nani aliuziba ule ufa baada ya hapo.

Mama, nikamwambia. Alipomaliza kulia aliufuta uso, akamfukuza shangazi aliyetaka kumsaidia, akalivunja lile donge la baba ndani ya beseni. Akaichukua katani iliyokuwa kwenye kopo, akainusa, akaikata vipande vya urefu wa kidole. Akanituma nikamletee maji.